Tarumbeta Namba Kumi na Saba

Jumatatu, 5 Agosti 2024

Kisanduku kimefika! Kimevuka mpaka ndani ya kapu, kimefunikwa kitenge. Nimekipata ng'ambo, Nakonde, kwa Mzambia mmoja aliyekuwa akipiga muziki hotelini, ambaye siku hizi anafuga kuku. Tumebadilishana: yeye kisanduku, mimi madebe mawili ya maharage ya Ileje. Nilimuuliza kama kinafanya kazi. Alisema eya mukwai, yaani ndiyo bwana. Nilimuuliza kama kina kitabu cha maelezo. Alisema eya mukwai vilevile. Kitabu hakipo.

Enesi, mke wangu, ameuliza maharage yamekwenda wapi. Nimemwambia yamegeuka sauti. Amesema yale aliyaahidi kwa chakula cha Jubilei. Sikujua. Au nilijua, nikasahau.

Niandike hali ilivyo ili moyo utulie. Jumapili usharika wetu unatimiza miaka hamsini. Wimbo wa ufunguzi tangu zamani huongozwa na matarumbeta. Lakini wapiga matarumbeta walikuwa wanne: wawili wamefariki, mmoja amehamia Chunya, na Mzee Anania hana meno ya mbele. Kwa hiyo tarumbeta itatoka kwenye kinanda. Mama Gwantwa, kiongozi wa kwaya, ametangaza kwamba Jumamosi watasikiliza vinanda viwili, changu na cha Osward, na atakayependeza atakaa kwenye kiti cha mpigaji. Si kwa Jubilei tu. Moja kwa moja!

Kiti hicho nimekikalia miaka ishirini na sita. Foronya ya mto wake aliishona Enesi.

Osward ni wakala wa forodha. Ana kinanda kipya, shati jeupe, na adabu nyingi mno. Changu ni cha zamani, na sauti yake iliyoandikwa Tarumbeta inalia kama mbuzi aliyefungiwa chooni.

Ndiyo maana ya kisanduku. Nieleze. Kinanda cha aina hii hakina nyuzi wala mabomba. Sauti inaundwa kwa umeme, kwa vipimo vingi: ianze ghafla au polepole, iwe kali au butu, itetemeke au itulie. Waliokiunda waliweka kitufe kimoja na kioo kidogo kama cha saa ya mkononi. Kupanga sauti moja ni kazi ya wiki. Kisanduku kinavitoa vipimo vyote nje, kila kimoja na swichi yake ya kusukuma juu na chini. Ziko thelathini na mbili. Kinawasiliana na kinanda kwa waya uitwao midi. Waya huo haupitishi sauti hata kidogo. Unapitisha maagizo tu, kama mkuu wa shule anavyomtuma karani na kikaratasi.

Nimemweleza Enesi hayo yote. Aliniomba nipishe, anafagia.

Jumanne, 6 Agosti

Hakuna kitu. Nimesukuma swichi zote thelathini na mbili. Mbuzi yuleyule.

Mzambia amenila! Siku nne zimebaki. Nimefikiri kumwambia Mama Gwantwa kwamba ninaumwa. Kisha nikafikiri kwamba Osward ataleta matunda ya kumwona mgonjwa, na atakaa kwa heshima pembeni ya kitanda.

Saa kumi Enesi alirudi sokoni, akasimama nyuma yangu, akaangalia waya. Kila chombo kina tundu mbili, moja imeandikwa kuingia, nyingine kutoka. Nilikuwa nimeunganisha kuingia na kuingia. Nilimweleza kwamba ni busara, vitu vya jina moja vikae pamoja. Enesi, aliyevusha vitenge miaka kumi na minane, alisema, "Baba Luka, mtu anagongewa muhuri wa kutoka huku ndipo agongewe wa kuingia kule. Ukigongewa kuingia mara mbili wanakuweka benchi."

Nilihamisha waya. Kinanda kikanguruma. Nimeishi mita mia nne kutoka mpakani tangu mwaka tisini na tano.

Jumatano, 7 Agosti

Kinafanya kazi kupita kiasi.

Swichi ya kisanduku inakaa mahali pake, na kipimo ndani ya kinanda kinakaa mahali pake, na viwili hivi havijuani. Ukiigusa swichi hata kidogo, kipimo kinaruka kuifuata. Niligusa ya nne kwa ncha ya kidole, mbuzi akageuka lori lililobeba shaba linaloshuka mlima bila breki. Dereva mmoja aliyekuwa kwenye foleni ya malori nje aliruka kutoka kwenye kivuli cha gari lake. Akamwambia mkewe kwenye simu kwamba yuko salama.

Saa sita akapita Osward. Shikamoo mwalimu. Marahaba. Ameleta ndizi. Nilikuwa nimeweka kitenge tayari cha kufunikia kisanduku, na sikukifunika. Aliuliza tu, kwa upole, hiki ni nini.

Nimemweleza kwa saa mbili na robo. Nilimchorea. Nilimwonyesha swichi moja moja. Aliniuliza maswali mazuri sana, jambo linalonitia hofu. Akiondoka alisema, "Mwalimu wangu, mimi changu nabonyeza mara moja tu, kinatoka chenyewe." Halafu akacheka. Si kwa ubaya. Hilo ndilo linaloniudhi.

Nimeshampa siri zote. Mjinga ni nani hapa? Nisijibu.

Alhamisi, 8 Agosti. Nane Nane

Sikukuu. Watu wamekwenda Mbeya kuangalia ng'ombe wa maonyesho. Mimi nimemwita Mzee Anania. Hila yangu: Osward ana mashine, lakini hana sikio lililopuliza tarumbeta miaka arobaini.

Alikaa kwenye kigoda, akafumba macho, mikono juu ya fimbo. Nilipiga. Akasema hiyo ni honi ya basi. Nilishusha ukali. Akasema sasa ni basi lililo mbali. Nikamwuliza kinakosekana nini. "Pumzi, bwana! Pumzi haifiki mara moja. Inatoka tumboni, inapita kifuani, ndipo mdomo." Nilipandisha swichi ya kwanza kidogo, ile ya mwanzo wa sauti. Akainua kichwa. Akasema na mate hayapo. Tarumbeta bila mate ni bomba tu. Nikaongeza mkwaruzo kidogo kwenye ya tisa. Akasema tena kidogo. Akasema rudi. Akasema hapo.

Nilipiga ubeti mzima.

Mzee Anania alibana midomo kama anapuliza. Mashavu yalijaa. Machozi yalimtoka kwenye kona moja tu ya jicho. Alitaja majina ya wenzake watatu, polepole, mmoja mmoja, kila mmoja na mahali alipokuwa akisimama. Enesi aliacha kupepeta mchele mlangoni.

Kisha Mzee Anania, ili tu kubadilisha mazungumzo, akaelekeza fimbo kwenye swichi ya kumi na moja, akauliza na hii nayo, kazi yake ni nini.

Ni swali la haki. Nikalijibu kwa mkono.

Lori la shaba! Breki hakuna!

Nilirudisha swichi niipate ile sauti. Haikuwa pale. Nikarudisha ya tisa, ya kwanza. Haikuwa pale. Nieleze: sauti unayoipanga iko kwenye ubao, si kwenye daftari. Usipoinakili kwa kitufe cha kuhifadhi, ukiugusa ubao imefutika. Miaka thelathini na moja nimewafokea wanafunzi wanakili kabla sijafuta.

Mzee Anania alisema hakuna neno, Bwana ametoa. Hakumalizia. Alikwenda zake akipapasa midomo.

Ijumaa, 9 Agosti

Tangu saa kumi na mbili asubuhi naitafuta. Nimepata: honi ya basi. Mbuzi. Mbuzi wawili. Mtu anayekohoa ndani ya ndoo. Nilipopata kitu kinachofanana na malaika mgonjwa nilidhani nakaribia.

Enesi ameniletea ugali nikala bila mboga, sikujua hadi alipotaja.

Saa tisa na nusu ikarudi! Pumzi, mate, kila kitu. Sikupumua mimi mwenyewe. Nikabonyeza kuhifadhi. Kioo kikaandika kwamba kumbukumbu imefungwa. Imefungwa na nani? Nilitembea kukizunguka kinanda kama mtu anayezunguka nyoka, nisiguse kitu, hadi nikaiona swichi ndogo mgongoni. Nikaifungua kwa ncha ya kijiti cha kibiriti. Nikahifadhi: namba kumi na saba. Nikaenda namba nyingine, nikarudi. Ipo! Nikaenda jikoni, nikarudi. Ipo!

Enesi ameniapisha kwa Biblia. Kesho nisiguse kisanduku. Nimemwambia nitakibeba kwa heshima tu. Amesema kibaki nyumbani. Nimemweleza kwamba kwaya ikiona swichi thelathini na mbili itajua kazi iliyofanyika, na kitufe kimoja cha Osward kitaonekana kidogo. Hiyo ni saikolojia. Hakuna hatari yoyote. Namba kumi na saba imo ndani.

Jumamosi, 10 Agosti

Ninaandika saa nane mchana. Nitaandika kwa mpangilio.

Saa tatu kwaya yote ilikuwepo kanisani, watu ishirini na wawili. Osward alinisaidia kubeba kinanda. Nikaweka kisanduku juu ya meza mbele, nikakiunganisha ili taa zake ziwake. Taa ni za kijani. Watu walivutiwa. Mama Gwantwa alisema, "Haya, mwalimu, tupe hiyo tarumbeta."

Nilibonyeza kumi na saba. Nilipiga noti moja tu. Mzee Anania, aliyeketi dirishani, alisimama. Sauti ya pili ya kwaya walitazamana. Nilikiona kiti changu! Nilikuwa nimekikalia, lakini nilikiona.

Hapo Mama Gwantwa akasema ni ajabu, na hicho kisanduku kinasaidia nini.

Nilikaa juu ya mikono yangu. Ninamwapia Mungu nilikaa juu ya mikono yangu. Nikasema ni mambo ya kitaalamu. Watu wakasema aa, mwalimu, tuambie. Mtu wa besi akasema huyu mzee leo ananyima elimu. Osward, kwa adabu, akasema, "Kwa kifupi tu, mwalimu. Hata ile swichi ya kwanza tu."

Ya kwanza haielezeki bila ya pili.

Walicheka vizuri lori lilipolia. Mimi sikuwa na wasiwasi, kwa sababu sauti ilikuwa daftarini, na hilo nikawaeleza. Nikawaambia huu ni ubao, lile ni daftari. Wakatikisa vichwa. Mtu wa besi akauliza sasa mtu ananakilije. Sijapata darasa makini kama lile tangu nistaafu. Nikasema tazameni. Unabonyeza hapa. Unachagua namba. Kwa mfano kumi na saba. Unabonyeza tena.

Nikabonyeza tena.

Enesi, aliyekuwa mlango wa nyuma na sufuria, alisema "Yesu wangu" kabla sijaelewa.

Nililihifadhi lori mahali pa tarumbeta.

Mama Gwantwa akasema basi mwalimu tuanze wimbo. Niliupiga wote, beti tatu. Sauti ya kwanza hawakuweza kuimba kwa kicheko. Mtu wa besi alipiga honi kwa mdomo kwenye kituo cha kila mstari. Kisha Osward alibonyeza mara moja. Tarumbeta safi, zimenyooka, zimepigwa pasi. Wakampigia makofi.

Mama Gwantwa alinishika bega. Alisema, "Pumzika sasa, mwalimu. Umetutumikia." Nilimwachia Osward kiti. Mto nimekuja nao.

Jumapili, 11 Agosti

Jubilei. Kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini na sita nimekaa ibadani karibu na mke wangu. Anaimba kwa sauti nzuri sana. Nilimwambia. Alisema amekuwa akiimba hivyo siku zote.

Osward hakukosea hata noti moja. Nilisikiliza kwa makini nikitafuta. Chakula kilikuwa wali na kabichi. Watu watatu walimwuliza Enesi maharage yako wapi. Enesi alinitazama mara tatu.

Baada ya chakula nilikuwa nakunja mkeka nyuma ya kanisa. Mzee Anania alikuwa amewasimamisha Osward na Mama Gwantwa, anawachorea kitu hewani kwa fimbo. Alikuwa anasema tarumbeta ya leo haina pumzi, haina mate, imekufa lakini imevaa vizuri. Alisema ile ya jana, noti moja ile, ndiyo yenyewe, na yeye anataka kuisikia mara moja tena kabla hajawafuata wenzake. Osward akanijia, Mama Gwantwa nyuma yake. Nilidhani anakuja kunipa pole, nikajiandaa kuikataa.

Aliniamkia. Akasema kinanda chake na changu ni vya kampuni moja, je, kisanduku changu kingeweza kukifundisha chake kupumua? Alhamisi anakuja Askofu. Mama Gwantwa akasema nikiweza, tutapokezana kiti, Jumapili yangu, Jumapili yake.

Kiti! Nusu kiti, lakini kiti!

Jumatatu, 12 Agosti

Osward ameleta kinanda chake saa mbili asubuhi, kimefungwa blanketi. Tarumbeta za kumpokea Askofu ziko namba moja. Amenisihi nisiiguse hiyo, ili tukishindwa iwe ya kutuokoa. Niifanyie kazi namba nyingine yoyote kuanzia mbili. Amerudia mara mbili. Enesi amerudia mara nne.

Nimewaza usiku kucha na nimegundua tatizo la wiki iliyopita. Halikuwa kisanduku wala mikono yangu. Lilikuwa muda. Niliwaeleza watu kwa haraka mno, wakabaki na maswali, na maswali ndiyo yaliyoharibu. Safari hii nitaeleza kwanza, kwa ukamilifu, ndipo nifanye kazi. Nimewaalika kwaya yote leo saa kumi. Nimeazima benchi sita na ubao. Kila mmoja atapata nafasi ya kusukuma swichi.

Kuhusu ombi la Osward, nimelitafakari kwa haki. Ni kijana mzuri, lakini hajawahi kufundisha. Hakuna somo duniani linaloanzia namba mbili.