Hotuba ya Kufungua Chumba cha Kupimia Kina Mama

Mheshimiwa mgeni rasmi ambaye hakutokea, waheshimiwa wajumbe wa kamati, ndugu daktari, dada nesi, wakwe na mashemeji mliojaa ukumbini humu, kina mama wenye umri na kina mama wanaoficha umri (kicheko), na wewe binti yangu fundi cherehani, uliyekaa mbele ukinitazama kama nguo iliyokatwa vibaya, itifaki imezingatiwa.

Mimi, Mwenyekiti wa Kamati ya Afya kwa miaka tisa mfululizo, niliyesoma darasa la nne mara mbili, si kwa kufeli bali kwa kulipenda, nasimama kuwasilisha mafanikio ya mkakati wa uchunguzi wa saratani ya mfuko wa uzazi, mkakati shirikishi, endelevu na wa kisasa, nilioutunga peke yangu. (Makofi ya wajumbe.)

Katika awamu ya utekelezaji, kwa mkono wangu huu, niliandika ubao langoni mwa zahanati: MWANAMKE ANAYETOKWA DAMU OVYO, AKIWA CHINI YA MIAKA HAMSINI, ARUDI NYUMBANI. Maana nilijua, na mimi nikishajua jambo hata aliyelisomea hanigeuzi, kwamba saratani hiyo ni ya mabibi waliokwisha koma hedhi. Dada nesi akaniambia, "Mzee wangu, wengi ndio hao, lakini hata wa miaka thelathini anaipata, hasa yule ambaye hedhi yake inapotea na kurudi inavyotaka." Nikamjibu, "Wewe binti, mimi nimezaa watoto saba, utanifundisha nini?" (Sauti ya mama mmoja nyuma: "Umezaa wewe?" Kicheko kirefu.)

Takwimu zikapaa! Foleni ilipungua kwa asilimia tisini, nami nikatamka kwenye ripoti kwamba ugonjwa umesoma ubao wangu ukakimbia.

Mmoja wa waliopunguza foleni ni huyu binti yangu, miaka thelathini na minne, hajapata mtoto na anamtaka. Hedhi inakata, baada ya siku nne inarudi, hivyo kwa miezi minane, mpaka akawa anashona amekalia taulo. Mlinzi wa lango la zahanati alimrudisha mara tatu. Mara ya tatu akasema, "Kaka, mwenyekiti ni baba yangu!" Mlinzi akasema, "Basi dada, mkagombane nyumbani, ndiye aliyeandika." Nyumbani nikamwambia ni damu ya ujana, ukizaa itatulia.

Nesi, siku yake ya mapumziko, alimpeleka hospitali kubwa. Wakachukua kijinyama kutoka ukuta wa ndani wa mfuko wa uzazi, wakapima. Ni saratani. Daktari wa huko anasema imewahiwa, haijatoka pale ilipo, na kesho anaanza matibabu. Kuhusu kuzaa hakuahidi. Alisema watajaribu dawa kabla ya kisu, na kwamba hajui. Mimi, bingwa wa ahadi, nilimwonea wivu mtu anayeweza kusema hajui. Jana niliung'oa ubao mwenyewe. Msumari ukanichoma, nikauambia, umechelewa.

(Binti: "Baba, fupisha.")

Nafupisha, mama. Kamati oyee! (Oyee hafifu.) Afya juu! (Juu!) Damu isiyo na mpango haiulizi umri! (Juu zaidi!)

Asanteni sana kwa kuja kufungua chumba cha kupimia. Utepe huu nimeufunga kwenye viti viwili kwa sababu mlango hakuna, paa hakuna, na chumba chenyewe hakijawahi kuwapo popote ila mdomoni mwangu. Nesi lakini yupo, na gari la kwenda hospitali kubwa lipo nje. Mwenye damu asiyoielewa asimame, awe na umri wowote. Wala asione haya kwa ajili yangu. Mimi huyu nageukia ukutani.

(Mwenyekiti anageuka. Kiti kimoja kinasogea. Kingine. Kingine.)