Sumaku ya Shemeji Duane

Jumatatu, 3 Juni

Duane! Mshenzi yule! Kala soseji zangu zote, kisha kabandua sumaku kwenye friji ya dada yake na kuingia nayo gereji. Kaibandika kwenye madigadi ya nyuma ya Buick ya marehemu baba. Ikaanguka. Kaibandika tena. Ikaanguka. Akaniuliza mbele ya majirani: shemeji, hili gari au keki? Marlene, mke wangu wa ndoa, alicheka mpaka akashika meza.

Haya, kuna puti kidogo, ile lipu ya mafundi wa magari, juu ya kutu. Nani hapa Saginaw hana puti? Kila baridi wanamwaga chumvi barabarani kuyeyusha barafu, kama wanakaanga chipsi, halafu eti washangae gari likioza!

Tarehe 15 binti yangu Denise anaolewa. Alipokuwa bado na mapengo, babu yake alimwahidi kwamba ataenda harusini na Buick hilo. Leo Marlene kasema nisipoziba kwa chuma cha kweli, bibi harusi atapanda gari la kazi la Duane. Duane ni fundi bomba. Gari lake lina picha ya choo ubavuni. Thubutu!

Alhamisi, 6 Juni

Nimekodi mashine ya kuchomelea. Bati limeyeyuka. Nikachomelea pembeni kuziba tundu, tundu likapanuka. Asubuhi lilitosha kikombe, mchana likatosha sahani. Jioni kiti cha nyuma kikaanza kufuka moshi. Marlene kaja na mpira wa maji, kanilowesha mimi kwanza.

Nikiwa bado natiririka maji, nani huyo? Duane, na madigadi nzima mkononi, kaikata kwenye gari bovu, haina kutu hata chembe. Anasema tukate ubovu wote, tuichomelee hii, kesho tumemaliza. Bure, kwa ajili ya mpwa wake. Nikamwambia akaitundike chooni kwake. Afadhali nimbebe Denise mgongoni!

Kaiacha imeegemea ukuta wangu. Makusudi.

Jumamosi, 8 Juni

Nimepata! Akili hii sijui nimeirithi wapi. Shida si puti. Shida ni kwamba puti haishiki sumaku. Basi nimechukua stilwaya za Marlene za kusugulia sufuria, zote, nikazikatakata na kuzikoroga ndani ya puti. Nikatandika waya wa banda la kuku juu ya tundu, nikapaka nene. Ikakauka. Nikabandika sumaku. Ikanata! Nimecheza peke yangu gereji nzima.

Jumanne, 11 Juni

Nimepiga msasa mpaka mabega hayanyanyuki. Nimepuliza rangi. Marlene kauliza nani kamaliza stilwaya zake. Nikasema rakuni, yule mnyama mwizi wa majalalani. Kauliza ni rakuni gani huyo anayeosha sufuria. Mwanamke haamini kitu! Denise kapiga simu, anataka kujua kama gari la babu lipo tayari. Nikamwambia ni chuma kitupu.

Ijumaa, 14 Juni

Mazoezi ya harusi kanisani, nimekwenda na Buick. Duane kaja na sumaku mfukoni, nilijua tu! Kaibandika. Ikanata. Kaivuta kwa ukucha, kaibandika tena. Ikanata. Sura yake! Nilimwambia kwa sauti kubwa kwamba choo chake hakihitajiki. Kanipa mkono, kasema hongera shemeji. Mnafiki.

Jumamosi, 15 Juni

Sitaki kuandika. Naandika.

Kwenda ilikuwa safi. Denise nyuma, gauni limejaa kiti kizima, anapapasa mlango kama anamsalimia babu yake. Baada ya misa vijana wakafunga makopo matupu kwenye bampa, yapige kelele maharusi wakiondoka. Duane akaja na zawadi, kibao kikubwa cha sumaku kama vile vya gari lake: WAMEOANA. Kauliza akibandike wapi. Nikasema hapo hapo, kwenye madigadi, wakwe waone. Akabandika. Kikaenda upande. Nikamsukuma, nikasema hata kubandika hujui, nikakivuta mwenyewe.

Kikatoka. Na kipande kizima cha madigadi. Na waya wa kuku. Padri akaona, wakwe wakaona, tundu likatuangalia sote. Nasema hivi, na nitasema mpaka kufa: sumaku haikuachia hata kidogo!

Denise hakupiga kelele. Bora angepiga. Alisema, baba, mimi ningepanda na tundu lake, mbona umenidanganya? Kisha machozi yakamtoka, akapanda gari la choo na mumewe. Mimi nikawafuata nyuma, peke yangu ndani ya Buick, makopo yanalia mtaa mzima. Watu wananipungia mikono. Wajinga!

Jumapili, 16 Juni

Sikukuu ya akina baba. Denise kapiga simu. Hana kinyongo, kasema. Anaomba kitu kimoja tu: nimwache mjomba Duane anisaidie, tufunge ile madigadi ya kweli, ili akipata mtoto ampakize kwenye gari la babu. Nililia kidogo. Nikamwahidi kwamba nitaitumia.

Nimefikiri mchana kutwa. Kosa nimeliona. Stilwaya zilikuwa chache.

Nimenunua katoni nzima. Na madigadi ya Duane, lazima nikubali, ni bati zuri sana, pana, halina kutu. Nakorogea puti juu yake.