Uwanja Wangu Haufagiwi Tena

Kwako Mwalimu Mkuu,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na walimu wako wote, pamoja na yule mwalimu wa sayansi ambaye kwa sasa sina hamu naye.

Mimi ni fundi cherehani, baba wa yule binti wa darasa la tano anayeuliza maswali hata kengele ikishalia. Ninashonea barazani kwangu, kwa hiyo uwanja wa nyumba ndio duka langu. Tangu tuoane, mke wangu huufagia kila asubuhi mpaka unang'aa, na wateja hutusifia. Sasa mwalimu wa sayansi amemwaga maji mbele ya watoto juu ya masanduku mawili, moja la udongo mtupu na jingine la udongo wenye nyasi, wakaona lipi linatoa tope. Tangu siku hiyo nyumbani kwangu hakuna amani. Malalamiko yangu ni haya:

1. Binti ameuficha ufagio. Anadai tukifagia tunaufukuza udongo kuelekea barabarani, na mvua inausindikiza. Mama yake, mtu aliyelelewa kwa ufagio, anashinda hajui mikono aiweke wapi.

2. Mteja haondoki mpaka akung'ute viatu langoni, asije akatoka na udongo wetu. Bibi harusi mtarajiwa alikung'utishwa hata visigino. Ameenda kushonewa kwingine.

3. Maji ya kusuuzia vyombo anamwagilia nyasi. Nyasi, Mwalimu! Nilizokuwa nikizing'oa kwa mikono yangu, leo zinanyweshwa kabla ya mwenye nyumba kupata chai.

4. Vipande vya vitambaa vilivyobaki chini ya cherehani alivitandaza juu ya udongo, eti usikauke. Nikanyamaza, na kunyamaza kwangu kukampa kichwa. Juzi alichukua suruali ya mteja mmoja, mtu mzito ambaye sitamtaja, iliyoletwa kupunguzwa urefu. Akaifunga miguu kwa kamba, akaijaza udongo mpaka kiunoni, akailaza kwenye kona ya nyumba ambako msingi umeanza kuonekana. Kwa mbali utadhani mlevi amelala.

5. Nilipofoka, alinishika mkono akanionyesha ukuta. Tulipoipaka nyumba rangi, rangi iliishia kwenye udongo. Leo kati ya rangi na udongo kiganja changu kinapita. Nikamwambia nyumba imekua, kama yeye. Hakucheka. Kusema kweli niliingiwa na woga, na baba kutiwa woga na mtoto wa darasa la tano si adabu.

Kwa hiyo naomba binti aondolewe kwenye somo hilo, apewe lisilo na madhara nyumbani, kama historia. Ikishindikana, afundishwe kutunza udongo wa shuleni tu.

Nisalimie walimu, mpishi, mlinzi na mama watoto.

Ni mimi mzazi mwenzako,
Fundi wa barazani

N.B. Kabla sijaifunga bahasha, mvua imenyesha. Uwanja wa jirani umeteremka mpaka barabarani, na ukuta wa choo chake umeufuata. Kona yetu imesimama. Maji yalifika kwenye ile suruali yakabadili njia. Mke wangu sasa hivi anapanda nyasi. Binti aendelee na somo, na kama kuna nafasi, mimi na mama yake tutakaa dawati la nyuma. Ila wewe, Mwalimu, usiifuate suruali yako ya kijivu mpaka mvua ziishe. Na kama koti lake lipo, tuletee, maana kona ya jikoni nayo msingi umeanza kuonekana.