Waini Haitiwi Sukari, Ouko

Habari ilisomwa na Misumari, yaani Muturi wa hardware, kutoka kwa simu yake, tukiwa kwenye benchi la kibanda cha chai cha Bonareri hapa Litein, chai bado haijachemka: hoteli moja ya Kericho inaita watu wafundishwe kunywa waini. Tena kwa kulipa.

"Kufundishwa kunywa!" Misumari akajipiga paja. "Kwani ndama alifunzwa kunyonya na nani?"

"Cheka tu," Ouko akasema. "Si rahisi vile unadhani."

Sote tukamgeukia. Ouko hufanya kazi kwenye kiwanda cha chai, pale majani mabichi yanaponyaushwa. Ni mtu mpole, wa chapati mbili na chai yenye maziwa mengi. Siku hizi tunamwita Glasi, kwa yale yaliyompata kwenye pati ya ofisi ya mkewe, Quinter. Aliwekewa waini, akaonja, akaita weita: "Leta sukari. Na kama kuna maziwa ya moto, leta pia." Tangu hiyo siku Quinter huenda pati peke yake.

"Jumamosi kuna ingine," Ouko akasema. "Safari hii lazima nikae kando ya bibi yangu. Nimekuwa nikijifunza nyumbani."

"Unajifunzaje?" akauliza Bonareri.

"Chupa ya kwanza niliipasha moto."

Bonareri akaangusha kijiko. "Ukapasha waini! Na tangawizi ukaweka?"

"Kidogo."

"Woi! Huyu jamaa amepika uji wa shetani!"

"Ngojeni. Ya pili niliimeza haraka kama dawa ya minyoo, nikalala na viatu. Ya tatu ndiyo nikaishika mdomoni, nikatulia. Ikanikausha ulimi. Nikasema, ala, hii naijua! Ni kama turungi, chai isiyo na maziwa, tena bila sukari. Mwanzo inakukemea, halafu inakuomba msamaha."

"Haijaomba mtu msamaha hiyo," nikasema mimi, ambaye hapa huitwa Mgomo. "Baba yangu alibeba glasi kama hizo kwa klabu ya wakubwa wa mashamba hadi mgongo ukapinda. Angelamba hata tone, kazi kwisha. Majani mazuri yakaenda ng'ambo, sisi tukabaki na vumbi. Leo unalipia kile mzee alinyimwa?"

"Ndiyo maana nakunywa, Mgomo. Nakunywa yangu, nakunywa na ya babako."

"Wewe Mgomo," Misumari akadakia, "hata ukiumwa na mbu unauliza ametumwa na nani."

Ouko akachomoa chupa kwenye koti. Bonareri akapanga vikombe, akaonya, "Na asichovye mtu mandazi!"

Misumari akapiga funda, uso ukakunjika. "Hii imechacha! Rudisha dukani!"

"Usikimbilie kumeza. Tulia nayo."

"Nitulie nayo, kwani ni mama mkwe?"

Mimi nilionja kwa niaba ya wafanyakazi. Ilinikemea kweli. Kisha nikanyoosha kikombe tena, maana uchunguzi wa mara moja hautoshi.

"Baba Amondi!"

Quinter huyo, anatoka kazini, viatu vya ofisi vimejaa matope. Misumari akaficha kikombe nyuma ya mgongo. Ouko akasimama wima kama mtoto aliyepatikana na sufuria ya sukari guru.

"Mama Amondi, nimejifunza. Sitakuaibisha. Nipeleke Jumamosi."

Quinter akaitazama chupa, akatutazama sisi, akakaa benchini bila kupanguza. "Kwani ulidhani nakuacha nyumbani sababu ya sukari?"

"Sasa ni nini?"

"Wewe uliomba sukari. Mimi niliogopa kuomba. Miaka hiyo yote nashika glasi nikichekacheka na mabosi, na hiyo kitu sijawahi kuipenda. Ukikaa kando yangu nitashindwa kujifanya. Siku ile nilikaribia kukuambia unikorogee na mimi."

Bonareri akajifuta macho kwa kona ya leso, anacheka.

"Na waini?" Ouko akauliza polepole. "Ile wanakuwekea unaipeleka wapi?"

"Wakiangalia kando, namwagia maua. Pale dirishani."

"Yote?"

"Yote."

Ouko akafunika chupa yake kwa kiganja, kama mtu anayemziba mtoto masikio. Akameza mate.

"Mama Amondi, Jumamosi tunaenda wote. Hayo maua yatafutiwe maji."