Sabuni ya Nguruwe Mwitu Niliyompa Shungi

Jumamosi, 3 Mei
Dada, tangu uende chuoni sina wa kumwambia kitu. Kwa hiyo nitaandika yote humu, hata ya aibu, kisha nikutumie daftari zima. Naapa! Mama yuko zamu hospitalini, kama kawaida. Shungi, niliyekuwa nikiketi naye dawati moja, amehamia kwa kiranja. Ati sisi nguo zetu zinanuka mawindo ya mjomba. Sasa naketi na mkoba wangu. Lakini leo mjomba ameleta ndoo ya mafuta ya nguruwe mwitu. Nitamtengenezea Shungi sabuni. Atarudi tu!

Jumapili, 4 Mei
Shangazi amenifundisha. Unakatakata mafuta vipande vidogo, unaweka moto mdogo na kikombe cha maji, unakoroga mpaka yayeyuke, unachuja kwa kitambaa. Sufuria ya mafuta ya kupikia hutiwa kitunguu na chumvi, kupunguza harufu ya porini. Ya sabuni, maji matupu. Nikawaza: kama kitunguu kimoja hupunguza harufu, sita vitaimaliza kabisa! Shangazi alipotoka kuanika nguo, nikavitumbukiza kwenye ya sabuni. Vikaungua vyote. Bahati nzuri shangazi ana mafua, hakunusa kitu. Soda kali ya kugandisha sabuni alitia mwenyewe, akaniamuru nisimame mlangoni. Akasema leo nimetulia mpaka anaogopa. Tumepata vipande tisa. Vikauke wiki nne.

Jumatatu, 2 Juni
Nimempa Shungi kipande kilichonyooka kuliko vyote, nimekifunga kwa utepe. Kasema asante mara mbili! Kiranja kauliza kama kinaliwa na mkate.

Jumatano, 4 Juni
Balaa! Shungi kaogea. Mbwa watatu wamemsindikiza mpaka lango la shule, mmoja kaingia paredi. Kiranja kaziba pua, kamwita Bibi Supu, kamwambia ahamie kwa mwenzake, yaani mimi. Nikaondoa mkoba upesi! Akaketi kando yangu. Kisha akaniomba kifutio. Kipindi chote cha hesabu kiwiko chake kiligusa changu. Sikusogea hata kidogo, mkono ukafa ganzi. Sijapata siku nzuri kama hii mwaka huu.

Ijumaa, 6 Juni
Shungi ameoga mara nne kwa sabuni ya dukani. Leo hanuki kitu. Amerudi kwa kiranja, hata hakuaga. Kifutio kaenda nacho. Nyumbani Mama amelala baada ya zamu, natembea kwa ncha za vidole. Nimekaa nikafikiri sana, nikagundua kosa langu: harufu haikudumu! Mjomba ameahidi ndoo nyingine kesho. Dada, wewe ndiye unayesoma sayansi, nijibu siku ileile utakayopata daftari hili: kitunguu saumu hukaa kwenye ngozi siku ngapi?