Mrudisheni Bwana Njoo Jioni Ofisini

Kwa Mheshimiwa Mwenyekiti,
Kamati ya Rufaa za Nidhamu,
Chuo Kikuu.

YAH: KUUNGA MKONO RUFAA YA MUME WANGU, KWA SABABU ZANGU MWENYEWE

Mheshimiwa, natanguliza heshima zote, na natumaini barua hii itakukuta mzima na mwenye nafasi ya kusoma.

Mimi ni fundi cherehani. Mume wangu ni mhadhiri mwandamizi hapo chuoni, yule ambaye wanafunzi wamempachika jina la Njoo Jioni. Nimeambiwa rufaa yake mtaisikiliza Jumatatu ijayo, na kwamba mtu yeyote aliyeguswa na uamuzi wa kwanza anaruhusiwa kuleta maelezo kwa maandishi. Mwenzenu sikuguswa tu, nimeletewa adhabu yenyewe mpaka mlangoni, imebeba mkoba na imeuliza chai iko wapi.

Nikumbushe kwa kifupi, maana najua mafaili ni mengi. Mwanafunzi wa mwaka wa mwisho alilalamika kwamba mume wangu alikuwa hataki kuisoma sura ya tatu ya tasnifu yake mchana. Kila akiipeleka anaambiwa aje jioni, peke yake, watu wakishaondoka. Siku moja binti akaenda kweli hiyo jioni, ila akaenda na mwenzake wa chumbani. Sura ya tatu ikarudi imejaa wino mwekundu, na alama zikaanguka. Baraza la Nidhamu likamwona mume wangu ana hatia, likaamua akae nyumbani mwaka mzima kwa mshahara kamili, asikanyage chuoni wala asiwakaribie wanafunzi wa kike. Binti akapewa msimamizi mpya, naye akamwamuru aanze upya kuanzia sura ya kwanza. Sasa mume wangu anaomba uamuzi huo ufutwe na binti aandikwe kuwa alisema uongo. Kama alifanya au hakufanya, hilo ni lenu ninyi mliosoma. Mimi nalalamikia mahali mlipomweka.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Mlipoandika "akae nyumbani" hamkuuliza nyumbani kuna nini. Sebule yangu ndiyo karakana yangu. Cherehani iko dirishani, meza ya kukatia iko katikati, kioo kirefu kiko ukutani, na kochi ni la wateja. Kila asubuhi mume wangu ananyoa ndevu, anafunga tai, anachukua mkoba, anatoka chumbani na kuingia sebuleni, kisha ananisalimu habari za kazi. Anakaa kwenye kochi mpaka saa za kufunga ofisi. Chakula cha mchana hakiliwi kabla hajasoma ajenda, na mtoto wetu wa mwisho, ambaye hata shule hajaanza, ameshaonywa mara mbili kwa kuchelewa kikao. Juzi alilikagua gauni la bibi harusi akaniambia kwamba mikono haiendani na kiini cha mada. Bibi harusi mwenyewe alikuwa amesimama pale.

2. Hili ndilo linaloniuma zaidi. Mmesema asiwakaribie wanafunzi wa kike. Mheshimiwa, wateja wangu ni akina nani? Mahafali yanakaribia, na nusu ya mabinti wa chuo chenu wanashona kwangu. Gauni halishonwi kwa kukadiria. Lazima nipime kifua, kiuno na nyonga, na mtu lazima ajaribu nguo nyuma ya pazia langu la kona, ambalo ni fupi kidogo. Mmemtoa paka jikoni mkamfungia kwenye kabati la maziwa. Binti anafika mlangoni, anachungulia, anaiona tai, halafu anakumbuka kwamba ameacha pasi kwenye umeme. Wote wanakumbuka pasi. Nilidhani chuo chenu kitaungua.

Nimejaribu kumhamishia chumbani. Anakubali vizuri tu, lakini mteja akiingia tu, yeye anasikia kiu na kutoka kufuata maji. Sijapata kuona binadamu mwenye kiu ya namna ile. Kwa sasa napimia watu kwenye saluni ya msusi jirani yangu, futi shingoni, katikati ya mashine za kukaushia nywele, na msusi ameshaanza kuniuliza kama nimehamia.

3. Anaandaa rufaa yake kwa sauti, huku akitembea nyuma ya mgongo wangu, kwa hiyo sababu zake ninazijua kwa kichwa kuliko wakili wake. Sababu ya kwanza, kanuni za chuo hazisemi jioni inaanza saa ngapi. Ya pili, mlango wa ofisi yake hujifunga wenyewe kwa upepo. Ya tatu, yule mwenzake wa chumbani hakualikwa, na ushahidi wa mgeni asiyealikwa haupokelewi. Ya nne, kumwita mwanafunzi baada ya kazi ni moyo wa kujitolea, na kwamba jina la Njoo Jioni alipewa kwa kusifiwa.

Hapo niseme jambo la haki. Kwenye ukurasa wa mwisho ameandika kwamba hata mke wake amezisikiliza sababu hizi na kuzikubali moja baada ya nyingine kwa kutikisa kichwa. Cherehani yangu ni ya miguu. Nikikanyaga, kichwa nacho kinakwenda. Siku ile nilikuwa napinda mapazia ya ukumbi mzima, na ningeweza kuonekana nimekubali hata kuolewa upya. Naomba kwenye kumbukumbu zenu mwandike kwamba aliyekubali ni cherehani.

4. Tuangalie basi nani ameadhibiwa. Binti anaandika upya alichokwisha kuandika, na wenzake watavaa majoho yeye akiwa maktaba. Mimi sina sebule, na wateja wananikwepa kama mwenye upele. Mume wangu analipwa, analala mchana, na nimeshamwachia kiuno cha suruali mara mbili kwa sababu ya kunenepa. Kwa hesabu ya fundi tu, kati ya watu watatu, walioadhibiwa ni wawili, na ni wale wawili ambao hawakushitakiwa. Kama hiyo ndiyo adhabu, basi naomba na mimi mnikute na hatia ya jambo lolote lile, nipumzike.

5. Kwa hiyo naiunga mkono rufaa. Mpeni ushindi, mrudisheni ofisini. Najua mtaogopa maneno ya watu, na kwa ajili hiyo nimewaandalia njia nne za kumrudisha bila hofu, mchague wenyewe.

(a) Ofisi yake iondolewe mlango. Kaka yangu ni seremala, na amesema atakuja kuung'oa bure, mradi abaki nao.

(b) Kama (a) ni aibu kwa chuo, meza yake iwekwe koridoni, mkabala na mlinzi. Mlinzi naye apewe kiti cha kuzunguka.

(c) Kama korido ni nyembamba, afundishe kwa kipaza sauti tu, yeye akiwa jengo la utawala na wanafunzi wakiwa uwanjani.

(d) Na hii ndiyo naiona bora kuliko zote. Aundiwe dawati la kupokea malalamiko ya unyanyasaji, awe mkuu wake, na saa za kupokea ziwe jioni. Nawahakikishia hakuna binti atakayekanyaga pale. Mwisho wa mwaka mtatoa taarifa kwamba malalamiko yamekwisha kabisa, hakuna hata moja, wageni watakuja kujifunza kwenu mmefanyaje, na mume wangu hatakuwa sebuleni kwangu. Kila mtu atakuwa amefaidika isipokuwa mabinti, ambao hata sasa hawafaidiki, kwa hiyo hakuna kilichopungua.

Mheshimiwa, sikuandika kwa ubaya. Mtu ni kazi yake, na kazi ya mwenzangu ni huko kwenu. Mmekaa naye miaka mingi mkiwa mnamjua, na mlipochoka mkanirudishia bila hata kunijulisha. Mzigo wa wote hauwekwi kwenye sebule ya mmoja. Mchukueni tafadhali, na ikiwezekana kabla ya mahafali, maana nina magauni ya kujaribisha.

Nisalimie wajumbe wote wa kamati. Nisalimie katibu muhtasi, ile sketi iko tayari, aje kwa msusi. Nisalimie mlinzi wa geti, mama wa chai, na dereva wa Makamu Mkuu, ambaye suruali yake nimeifupisha kama alivyoagiza, na kama ni fupi mno basi alikosea mwenyewe. Hapa nyumbani wote hawajambo, na mwomba rufaa hajambo kupita kiasi.

Ni mimi niliyewaandikia kwa kukosa pa kukaa,
Fundi Cherehani, mke wa mwomba rufaa.

Nyongeza baada ya sahihi:

Mheshimiwa, bahasha nilikuwa nimeshaigandisha, na nimeikata kwa mkasi wangu wa vitambaa, jambo ambalo fundi hafanyi.

Leo asubuhi yametoka majina ya waliochaguliwa, na binti yetu mkubwa amepata nafasi chuoni kwenu, kwenye kitivo kilekile cha baba yake. Nimepiga vigelegele mpaka msusi amekuja mbio. Tulipotulia, baba yake akamwita, akamketisha kwenye meza yangu ya kukatia, akampa nasaha. Akamwambia asiende ofisini kwa mhadhiri yeyote jioni, hata awe nani. Akamwambia mhadhiri akidai kwamba kazi yako haisomeki mpaka watu waondoke, ujue hana nia ya kuisoma. Akamwambia kila aendako aende na mwenzake, na mlango ukifungwa asiamini habari za upepo. Na akitokea mtu wa kumshusha alama kwa sababu ya kukataa, aje amwambie yeye, atakwenda kwenye Baraza la Nidhamu na hatatoka mpaka mtu huyo afukuzwe moja kwa moja, bila senti.  Sijawahi kumwona mume wangu akiongea kweli namna ile.

Binti yetu alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamuuliza, kwa upole kabisa, yule dada wa sura ya tatu alikuwa na baba? Baba yake akachukua mkoba wake, akarudi chumbani.

Nami nimeona aibu, kwa sababu nimejaza kurasa hizi zote kuwalilia sebule, na mama wa yule msichana sikumkumbuka hata mara moja. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Maombi yangu yote hapo juu, kuanzia la seremala mpaka la dawati, yafuteni. Rufaa ikataeni. Yule msichana mrudishieni sura zake, avae joho na wenzake, na gauni lake nitalishona mimi. Jumatatu nitakuja mwenyewe kuyasema haya mbele ya mume wangu, na kichwa changu kitakuwa kimetulia.

Msiwaze tena habari ya wapi akae. Hapa nyumbani kesi yake ndiyo kwanza imeanza kusikilizwa, na baraza ni mimi na binti yake.