Sura ya Nne Haina Umuhimu

Jumatatu, 12 Mei 2003. Vwawa.
Wiki haijaanza na tayari nimechoka. Barua kutoka makao makuu ya chuo chetu cha elimu ya masafa: kituo kitakachowasaidia vizuri wanafunzi wenye mahitaji tofauti kitapewa kompyuta. Kompyuta! Yonathani, msimamizi wa kituo cha Tunduma, keshaanza kujigamba. Mimi, msimamizi wa kituo cha Vwawa, ninaye Severini, mwalimu wa Ndalambo aliyepofuka. Kafeli mtihani mara mbili. Akifeli na ya tatu, chuo kinamfuta. Nitamsomea kitabu kizima kwenye kanda. Sura nane tu.

Jumatano, 14 Mei.
Sura tatu, koo limekauka. Katikati ya sura ya pili jogoo kawika, na mke wangu Enesi kasikika akiuliza nani kamaliza chumvi. Sikufuta. Nguvu ya kurudia sina. Sura ya nne ina kurasa arobaini! Nikatamka kwenye kanda, kwa sauti nzito ya kisomi, kwamba sura ya nne haina umuhimu. Nikaruka, nikamalizia zilizobaki. Kanda nimempa kondakta wa gari la Ndalambo.

Jumamosi, 24 Mei.
Mtihani keshokutwa. Bugalama, mwanafunzi wangu mwingine, mfugaji wa Kamsamba, kawahi kwa kuihofia barabara. Kahamia kituoni na gunia la mchele. Hajui kusoma kimyakimya! Anasema alizoea kusomea machungani na ng'ombe hawakuwahi kulalamika. Mimi si ng'ombe. Nimemfukuza akasomee nje, kwenye benchi. Severini naye yuko benchi hilohilo tangu asubuhi. Kaniuliza kama nina hakika na sura ya nne. Nikamwambia aniamini. Nilitaka kulala mchana. Nimeshindwa.

Jumatatu, 26 Mei.
Mungu wangu. Mimi ndiye niliyepangwa kumsomea Severini maswali na kumwandikia majibu. Swali la kwanza, la lazima, alama hamsini: sura ya nne! Nikalisoma kwa sauti ya mtu aliyefiwa. Aibu ilinishika kwelikweli. Severini akacheka kidogo, akaanza kutamka. Saa nzima hakutua. Mkono wangu umekufa ganzi.

Baadaye nikamuuliza alijulia wapi. Akasema Bugalama aliisoma sura ile mara tatu pale benchi, kwa sauti ya kuitia ng'ombe, na yeye hakuwa na pa kukimbilia. Akaulizia pia kama chumvi ilipatikana.

Alhamisi, 10 Julai.
Severini kafaulu! Nimelia, sifichi. Kisha nikaandika ripoti kwamba nimebuni mbinu mpya ya usomaji wa benchi. Kompyuta kapewa Yonathani. Basi tena.

Severini kaleta kitabu kingine na kanda tupu. Nilitaka kumsukumia Bugalama, lakini yuko kwenye mavuno ya mpunga. Sura kumi na mbili. Nimechungulia ya saba. Kurasa hamsini na mbili! Nani atatunga swali kutoka huko?